Mwili Haungoji Mgeni Rasmi

Karibu kila mahali pa kazi katika nchi yetu pana daftari la rambirambi. Hupita kutoka meza hata meza, jina la marehemu likiwa juu na orodha ya michango chini, na kila mmoja huandika alichojaliwa. Zamani jina lililoandikwa juu ya daftari hilo lilikuwa mara nyingi la mzazi wa mfanyakazi, au la mtoto mchanga aliyechukuliwa na homa. Siku hizi, mara nyingi mno kuliko ipasavyo, ni jina la mfanyakazi mwenyewe: fundi wa miaka 47, dereva wa miaka 50, karani aliyebakiza miaka michache apate kiinua mgongo chake. Alianguka bafuni. Au aliamka mdomo umekwenda upande. Alikuwa ameambiwa miaka mitatu nyuma kwamba ana presha, akameza dawa mwezi mmoja, akaona nafuu, akaacha.

Twalisema jambo hili waziwazi kwa sababu wako ndugu zetu wengi ambao hata leo hudhani kuwa presha na kisukari ni maradhi ya wakubwa, yaani ya watu wenye magari na matumbo. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2012 kwa watu wazima wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba kadiri ya mtu mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na kadiri ya mmoja katika kila kumi na mmoja alikuwa na kisukari. Wakubwa hawafiki robo ya nchi. Hesabu hiyo ni yetu sisi, na wengi waliomo ndani yake hawajui kwamba wamo, kwa kuwa presha haipigi hodi.

Na hasara yake si ya nyumba ya marehemu peke yake. Fundi wa mitambo hafanyiki kwa mwaka mmoja. Huanza akishika tochi na kuwapokeza wengine spana, na baada ya miaka ishirini huweza kusikiliza mashine kwa sikio tu akajua inaumwa wapi. Anapoondoka akiwa na miaka 47, elimu ile yote huzikwa pamoja naye, na kiwanda huanza tena na kijana wa tochi. Hakuna bajeti inayoandika hasara hiyo.

Sasa yafaa tujiulize ni kitu gani kilichobadilika. Hatuna haja ya kwenda mbali na kazi zenyewe. Mwaka 1953, daktari mmoja wa Uingereza aitwaye Jerry Morris, pamoja na wenzake, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa usafiri mjini London, wanaume wapatao 31,000. Ndani ya yale mabasi mekundu ya ghorofa walikuwamo watu wawili wa kazi moja: dereva, na mkata tiketi. Walitoka katika mitaa ile ile, walipanda basi lile lile, walivuta moshi ule ule wa mji. Tofauti yao kubwa ilikuwa kwamba dereva alikaa kitini tangu asubuhi hata jioni, na mkata tiketi alipanda na kushuka ngazi za basi siku nzima. Morris aliona kwamba madereva waliugua moyo zaidi kuliko wakata tiketi, na tena walipopatwa walikuwa wepesi zaidi wa kufa. Akatazama pia Posta, akaona habari ni hiyo hiyo: wapeleka barua kwa miguu na kwa baisikeli walikuwa salama kuliko makarani waliokaa ofisini.

Wako waliompinga. Walisema, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi, kwamba labda wanene ndio wanaochagua kuwa madereva, basi kiti hakina kosa. Morris hakujibu kwa maneno matupu. Alikwenda katika bohari ya sare akachukua vipimo vya viuno vya suruali za wafanyakazi. Kweli, madereva walikuwa na viuno vipana zaidi. Lakini alipomlinganisha mwembamba na mwembamba, na mnene na mnene, dereva bado ndiye aliyekuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa ghafula. Kiti kilikuwa na kosa. Twapenda habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, ushahidi wake haukutoka kwa wanariadha wala kwa matajiri wenye nafasi, bali kwa watu wa mshahara wakiwa kazini. Pili, wakata tiketi wale hawakuwa wakifanya mazoezi hata kidogo. Walikuwa wakipanda ngazi tu, kila siku, bila kujua kwamba wanajiokoa. Morris mwenyewe aliaga dunia mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 99.

Tazama sasa hali yetu. Baba zetu wengi walikwenda kazini kwa miguu, wakarudi kwa miguu, na kazi yenyewe ilikuwa ya mikono. Mtoto wa baba yule hupanda daladala mlangoni, au bodaboda kama ana haraka, hukaa mbele ya meza saa nane, hurudi akiwa amekaa, na nyumbani hukaa tena mbele ya televisheni. Ametoka katika kazi ya jasho, na hilo ni jambo jema tulilolipigania. Hakuna mtu mwenye akili atakayetaka mwanawe arudi kubeba magunia ati kwa ajili ya afya. Lakini amebaki na sahani ya baba yake, ile iliyokuwa ya mtu aliyelima tangu alfajiri, na juu ya sahani hiyo ameongeza chipsi na soda. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari karibu ya vijiko tisa vya chai. Mtu yule yule angemfukuza mkewe jikoni kama angemtilia vijiko tisa katika kikombe.

Hapo ndipo tunapofika kwenye bonanza. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi, na wazo hilo lilikuwa jema, nasi hatulibezi. Vikundi vya mbio za mitaani navyo vimeenea katika miji yetu, hasa Dar es Salaam, na vingi vyavyo ni vya vijana wenye bidii ya kweli. Lakini tumeona pia jinsi jambo linavyokwenda katika ofisi nyingi. Hufanywa kikao. Huundwa kamati. Kamati hutafuta mfadhili wa fulana. Hualikwa mgeni rasmi, naye huchelewa, na watu husimama juani kwa saa mbili wakimngoja aje kuwaambia kwamba mazoezi ni muhimu. Kisha hutembea mwendo wa nusu saa nyuma ya bendi ya tarumbeta, hupigwa picha, na kuanzia saa tano hadi jua kutua ni nyama choma na bia. Jumatatu fulana imefuliwa na kukunjwa, ikingoja bonanza lijalo. Sherehe hiyo ina faida zake, maana watu wa kazi moja hufahamiana. Ila isiitwe mazoezi, kama vile kula pilau ya arusi hakuitwi kuoa.

Kuna wakati ambapo nchi hii ilikimbia bila fulana. Jeshi la Kujenga Taifa lilipoanzishwa mwaka 1963, mchakamchaka wa alfajiri ulikuwa ndio mlango wa siku, na desturi hiyo ilienea katika shule zetu hata mtoto wa darasa la tatu aliijua mistari, na nyimbo za kuitikia, na vumbi la uwanja kabla ya namba. Sisi tuliosomeshwa katika shule za misheni tulikuwa na kengele. Ililia saa kumi na moja za alfajiri, maji yalikuwa ya baridi, kucha zilikaguliwa, na kabla ya somo la kwanza mtu alikuwa amekwisha kufagia, kuoga, na kutulia kimya robo saa akikusanya mawazo yake. Hatusemi kwamba kila jambo la huko lilikuwa la heri. Fimbo ilitumika mahali ambapo neno lingetosha.

Walakini malezi hayo yote mawili yalikuwa na upungufu mmoja, nao ndio kiini cha maneno yetu ya leo. Ilikuwa nidhamu ya kuamriwa. Kengele ilipiga mtu mwingine. Filimbi ilikuwa mdomoni mwa mwingine. Siku kengele ilipokoma, kijana akapata cheti, na ajira, na chumba chake mwenyewe, hakukuwa na mtu wa kumwamsha, naye alidhani kwamba kulala hadi saa moja ndiyo ladha ya uhuru. Nidhamu ya kuamriwa hujenga mazoea ya miguu tu. Ile inayodumu ni ile ambayo mtu amejiwekea amri yeye mwenyewe, akajitii.

Mfano wake twao nyumbani, lakini tumeusimulia nusu. Kila mtoto wa shule amesikia habari za John Stephen Akhwari, mwenyeji wa Mbulu, aliyekimbia mbio za marathoni katika Michezo ya Olimpiki mjini Mexico City tarehe 20 Oktoba 1968. Mji ule uko juu sana, zaidi ya meta 2,200 kutoka usawa wa bahari. Akhwari alianguka njiani, akaumia goti, akafungwa bendeji, akaendelea akichechemea. Waliofika mwisho walikuwa 57, naye alikuwa wa 57, giza limekwisha ingia, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Habari hiyo huwatoa watu machozi, na ni haki yao. Bali wachache husimulia kilichofuata. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari huyo huyo alikimbia tena marathoni, akawa wa tano, kwa muda wa saa 2 na dakika 15 hivi. Mexico alikuwa ametumia saa 3 na dakika 25.

Kati ya usiku ule na mbio zile kulikuwa na karibu miaka miwili, na katika miaka hiyo hapakuwa na mpiga picha. Palikuwa na asubuhi tu, moja baada ya nyingine, na mtu mwenye goti lililopona akitoka nje kukimbia. Sisi twaona kwamba asubuhi zile ni kubwa kuliko usiku ule. Ushujaa wa siku moja humjia mtu pengine kwa hasira, au kwa aibu, au kwa kuwa umati unamtazama. Asubuhi ya kawaida haina umati.

Na akili ni hivyo hivyo. Wako wanaodhani kwamba mwili una nidhamu yake na akili ina yake, kana kwamba mtu ana mabwana wawili. Yule asiyeweza kuizima simu saa nne za usiku ndiye asiyeweza kuamka saa kumi na moja. Na yule aliyeamka amechoka ndiye anayekunywa vikombe vitatu vya chai ya sukari ili afike adhuhuri, na jioni hana nguvu ya kusoma hata ukurasa mmoja. Vijana wetu wa karakana hujua majina ya wachezaji wa timu za Ulaya pamoja na namba za jezi zao, kwa kuwa wameweka fedha katika mkeka, nao hukesha wakingoja matokeo. Tungesema mengi juu ya mikeka hiyo, lakini itoshe leo kusema kwamba mtu aliyekesha kwa mkeka amepoteza vitu viwili, na fedha ndicho kidogo. Mwalimu Nyerere, akiwa na mzigo wa nchi changa mabegani, alipata saa za kumtafsiri Shakespeare: tafsiri ya Julius Caesar ikatoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Ukurasa kwa ukurasa, katika muda ambao mwingine angesema hana.

Basi afanyeje mfanyakazi? Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo kwa juma, nao ni nusu saa kwa siku tano. Mwendo wenyewe uwe wa kukufanya uhemehe kidogo lakini uweze kuzungumza. Wala si lazima nusu saa hiyo iwe ya mfululizo. Mtu anayeshuka kituo kimoja kabla ya chake, asubuhi na jioni, na kupanda ngazi badala ya lifti, ameipata karibu yote bila kununua hata soksi. Siri ni kuifungamanisha amri mpya na jambo ambalo tayari analifanya, wala asingoje siku atakayojisikia. Siku hiyo haiji. Kuhusu chumvi, kipimo ni chini ya gramu tano kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kikijumlisha chote kilichomo katika mboga, mkate na chipsi, kwa hiyo kikopo cha chumvi kiondoke mezani. Mwenye presha aliyepewa dawa aimeze hata akijisikia mzima kabisa, maana presha huweza kuwa juu bila mtu kuhisi lolote. Na mwenye umri uliosogea, au mwenye maradhi, asianze kwa kukimbia. Aanze kwa kupimwa.

Twajua majibu tutakayopewa, na mengine ni ya haki. Mbeba mizigo wa Kariakoo hana haja ya kuhubiriwa mazoezi. Huyo ahitaji usingizi, chakula kamili, na malipo yatakayomwezesha kupumzika siku moja katika saba. Mama anayetoka kiwandani jioni akapitia sokoni, akapika, akafua, akalaza watoto, hawezi kuambiwa na mtu aliyekuwa amekaa kibarazani kwamba akatembee nusu saa. Hapo nidhamu inayotakiwa ni ya baba, ya kuinuka na kuteka maji. Dereva wa daladala anayetafuta hesabu ya tajiri tangu saa kumi na moja za alfajiri hata saa nne za usiku hana kituo cha kushuka kabla ya chake. Kumwambia mtu huyo ajitunze na kuacha mambo hapo ni kumcheka.

Kwa hiyo sehemu ya jambo hili ni ya mfanyakazi, na sehemu ni ya wale wanaopanga kazi yake na mji wake. Mwajiri anayelalamika kwamba watu wake wanaugua, na hataki kuwapa robo saa ya kunyoosha viungo katika zamu ya saa nane, anahesabu senti na kutupa shilingi. Madereva wanapodai zamu fupi, vyama vyao visione haya kuzitaja sababu za moyo na presha pamoja na sababu za mshahara. Na viwanja vya wazi vilivyopimwa mitaani kwa ajili ya watoto na wazee vimekwenda wapi? Kimoja kimekuwa baa, kingine gereji, cha tatu kimezungushiwa ukuta na hakuna anayejua ni cha nani, ingawa kila mtu anajua. Mtu anayetembea kando ya barabara isiyokuwa na njia ya miguu, lori likimpita ubavuni, hajengi afya yake bali anaiweka rehani.

Nchi hii imewahi kuonyesha namna ya kufanya. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi vidogo kuzunguka redio, juma baada ya juma, wakasikiliza kipindi, wakasoma kitabu kidogo, wakazungumza, kisha wakainuka kwenda kufanya kazi waliyoamua: kuchimba choo, kufyeka nyasi, kufukia madimbwi ya mbu. Kikundi kilikuwa kidogo hata asiyefika alionekana kwamba hakufika. Hapo ndipo penye tofauti na bonanza la watu elfu, ambamo mtu hupotea, na kutokuwapo kwake hakumwumizi yeyote.

Twapendekeza kwa matawi ya wafanyakazi kwamba yaanze kwa watu kumi kumi wa chumba kimoja au karakana moja. Mashine ya kupimia presha bei yake si kubwa kuliko fulana za bonanza moja. Inunuliwe, ikae tawini, na kila siku ya mshahara watu wapimwe kabla hawajatawanyika, aliyefika 140 kwa 90 au zaidi aelekezwe kituo cha afya, na mwenzake mmoja afuatane naye. Wale kumi wakubaliane juu ya mwendo wao wa nusu saa, wauanze kesho yake, na wasimwalike mtu. Tawi litakalokuwa na kiwanja kilichovamiwa jirani yake lituandikie, litaje mtaa na mwaka kilipopimwa, nasi tutaichapa barua hiyo katika ukurasa huu.